SOMO LA REDIO: KUUNGA MASHINE YA FAKSI NA WAYA WA SIMU

Maneno ya kujifunza kabla ya kusoma

Faksi: mashine inayopeleka nakala ya karatasi kwa njia ya simu.
Soketi: tundu la ukutani ambamo plagi huchomekwa.
Plagi: kichwa cha waya kinachoingia katika soketi.
Mkono wa simu: kile kipande tunachokishika na kukiweka sikioni.
Swichibodi: mtambo wa ofisi kubwa unaogawa simu katika vyumba.
Kichujio: kifaa kidogo kinachotenganisha milio katika waya mmoja.

Somo lenyewe

Kaeni vizuri, fungueni madaftari yenu, na mwenye kalamu aishike.

Katika somo lililopita tulijifunza kuandika barua ya ofisi. Leo tutajifunza namna barua ile inavyoweza kusafiri kwa waya wa simu, na hasa namna ya kuunga mashine yenyewe. Pengine mmoja wenu atasema, “Mwalimu, siku hizi watu hutumia barua pepe. Faksi ya nini?” Swali hilo ni zuri. Ni kweli kwamba ofisi nyingi zimeiacha faksi. Lakini hazikuiacha zote. Hospitali nyingi za Marekani na ofisi nyingi za Ujapani zingali zikiitumia, na mwenye kufanya kazi nazo hana budi kuijua. Tena, mashine nyingi za kuchapa zilizomo maofisini zina faksi ndani yake, na mwenye mashine hajui.

Kwanza sikilizeni mfano huu.

Tuseme kuna chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Ofisi ina waya mmoja tu wa simu, na juu ya waya huo wameunga simu na faksi. Mnunuzi wa mbali ataka kuleta bei yake kwa faksi, naye ataka ajibiwe kabla ya saa sita mchana. Asubuhi ile karani amekwenda benki. Simu yalia. Mlinzi, mtu mzima mwenye heshima zake, aingia na kuinua mkono wa simu. “Haloo!” Hakuna ajibuye. Asikia “pii”, kisha kimya, kisha “pii” tena. “Haloo! Nani wewe?” Pii. Mzee aweka simu chini. Simu yalia mara ya pili, ikawa vilevile. Mara ya tatu, vilevile. Karani anaporudi, mzee amwambia, “Mwanangu, leo kuna watoto wanachezea simu.” Jioni habari yaja kwamba mnunuzi amekwisha kununua kahawa ya chama kingine.

Je, ni nani aliyekosa? Msiseme upesi kwamba ni mzee. Mzee alifanya yale aliyoyajua. Aliyekosa ni yule aliyeweka mashine mbili juu ya waya mmoja, asimweleze mwenziwe neno lolote. Kwa hiyo tusikilize vizuri, lisije likatufika na sisi.

Faksi husema nini?

Faksi si kitu kipya kama watu wadhanivyo. Mwaka 1843 Mskochi mmoja, Alexander Bain, alipata hati ya serikali ya Uingereza kwa mtambo wake wa kupeleka maandishi kwa umeme. Mwaka 1865 mtambo wa padre Mwitaliano, Giovanni Caselli, ulianza kupeleka maandishi na picha kati ya Paris na Lyon katika Ufaransa. Na Alexander Graham Bell alipata hati ya simu mwaka 1876. Hesabuni wenyewe: toa 1843 katika 1876. Mnapata 33. Basi wazo la faksi ni kubwa kuliko simu kwa miaka 33!

Faksi za siku hizi hufuata kanuni zilizokubaliwa na mataifa mwaka 1980. Mashine hutazama karatasi mstari kwa mstari. Kila mstari huugawa katika nukta 1,728. Kwa kila nukta mashine hujiuliza: hapa ni peupe au ni peusi? Karatasi ya kawaida ya barua ina mistari ipatayo 1,140 ya namna hiyo. Ukizidisha, utapata karibu nukta milioni mbili. Mashine huzifupisha habari hizo, kwa mfano badala ya kusema “nyeupe, nyeupe, nyeupe” mara mia, husema “nyeupe mia”. Kisha huzigeuza kuwa milio na kuipeleka kwa simu. Mashine ya upande wa pili huisikia milio, huigeuza kuwa nukta, na kuichapa karatasi.

Lakini kabla ya hayo hapana budi zisalimiane. Mashine inayopiga hutoa mlio mfupi wa nusu sekunde, halafu hunyamaza sekunde tatu, halafu hulia tena. Huo ndio ule “pii” aliousikia mzee. Ile haikuwa michezo ya watoto. Ilikuwa barua inabisha hodi! Mashine inayopokea hujibu kwa mlio mrefu, mwembamba zaidi. Hapo ndipo zinapopatana juu ya mwendo wa kupeleka habari, na kazi huanza.

Andikeni katika daftari: Pii, kimya, pii, maana yake faksi inabisha hodi.

Matundu mawili nyuma ya mashine

Sasa tugeuze mashine tutazame nyuma yake. Aghalabu utaona matundu mawili madogo yanayofanana. Moja limeandikwa LINE. La pili limeandikwa EXT au TEL. Hapa ndipo faida ya kujua kusoma inapoonekana. Tundu la LINE ni la waya utokao ukutani. Tundu la EXT au TEL ni la simu ya mezani au mashine nyingine. Ukichomeka waya wa ukutani katika EXT, mashine haitapiga wala kupokea. Wengi wamelipa fundi kwa kosa hilo, na fundi alihamisha plagi tu.

Plagi nazo si moja kwa nchi zote. Plagi ya Marekani ni ndogo, nayo ina kiulimi juu ya uso wake cha kuishikilia. Plagi ya Uingereza ni nyingine, kiulimi chake kiko ubavuni. Kama plagi haiingii, usiilazimishe wala usikate waya. Nunua kipande cha kuunganisha plagi za namna mbili.

Haya, sasa tuzitazame njia zenyewe.

Njia ya kwanza: faksi yenye waya wake peke yake

Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Chomeka waya mmoja: upande huu soketi ya ukutani, upande huu tundu la LINE. Kisha chomeka waya wa umeme. Iambie mashine ipokee yenyewe baada ya simu kulia mara moja au mbili. Namba hiyo usiwape watu kuwa namba ya kuzungumza. Njia hii yafaa kwa ofisi inayopata faksi nyingi, na haya yake ni kwamba unalipa waya wa pili kila mwezi.

Njia ya pili: faksi na simu katika waya mmoja

Hii ndiyo njia ya chama chetu cha ushirika. Waya wa ukutani unaingia LINE. Simu ya mezani unaichomeka katika tundu la EXT au TEL la faksi. Halafu huna budi kuchagua mojawapo ya mambo matatu.

La kwanza, mtu apokee. Simu ikilia mtu huinua mkono wa simu. Akisikia mtu, azungumze. Akisikia pii, kimya, pii, abonyeze kitufe cha kuanzia cha faksi, ambacho mara nyingi huandikwa START, kisha aweke chini mkono wa simu. Angalieni mpango huo: bonyeza kwanza, weka chini baadaye. Ukiweka chini kwanza, umekata simu.

La pili, faksi ipokee daima. Hii yafaa usiku au siku ofisi imefungwa. Lakini mtu akipiga atake kuzungumza, atasikia mlio tu.

La tatu, mashine ichague. Mashine hupokea simu, husikiliza. Ikisikia pii, huanza kupokea karatasi. Isiposikia pii, hulia yenyewe ili kumwita mtu. Njia hii ni nzuri, lakini kumbukeni kwamba mashine ikishapokea, anayepiga ameanza kulipa, hata kama hajazungumza na mtu. Tena, mtu anayepeleka faksi kwa mkono kutoka mashine ya zamani pengine mashine yake haitoi pii. Hapo yenu itadhani ni mtu.

Njia ya tatu: pamoja na mashine ya kujibu simu

Wengine wana mashine inayowajibu wapigaji wakati hayupo mtu, na kuyahifadhi maneno yao. Ichomeke katika tundu la EXT la faksi, isichomekwe ukutani mahali pengine. Iache hiyo ipokee kwanza. Faksi itakuwa inasikiliza pembeni, kama mtu aliyekaa mlangoni, na ikisikia pii itaingia.

Ili faksi isikie vizuri, unaporekodi maneno yako ya kujibu, kaa kimya sekunde nne au tano kwanza, kisha sema maneno machache. Usirekodi muziki. Ukiweka wimbo mrefu, faksi haitausikia mlio wa mwenziwe, na mwenziwe atachoka kungoja.

Njia ya nne: ofisi yenye swichibodi

Katika ofisi kubwa simu za vyumba hupitia swichibodi. Hapa kuna mambo matatu ya kuuliza kabla ya kuchomeka kitu.

Uliza kwanza: soketi hii ni ya simu ya kawaida, au ni ya simu maalumu za swichibodi? Plagi zaweza kufanana kabisa, lakini umeme uliomo si mmoja. Faksi ikichomekwa katika soketi isiyo yake haitafanya kazi, na yaweza kuharibika. Mwombe fundi akupe soketi ya simu ya kawaida.

Uliza pili: namba gani hutoka nje? Ofisi nyingi hutumia 9 au 0. Katika faksi unaandika namba hiyo, kisha alama ya kungoja kidogo, kisha namba ya yule unayempelekea. Usipoweka kungoja, mashine itazipiga namba zote kwa haraka kabla njia ya nje haijafunguka, na namba za mwanzo zitapotea.

Uliza tatu: faksi inayotoka nje itafikaje mashineni? Ikiwa kila simu hupokewa kwanza na mtu wa swichibodi, huyo naye atasikia pii, kama mzee wetu. Ni bora faksi iwe na namba yake ya kuingilia moja kwa moja.

Njia ya tano: waya mmoja wa simu na intaneti

Katika nchi nyingi waya wa shaba wa simu hubeba pia intaneti. Mazungumzo hutumia milio ya chini, intaneti hutumia milio ya juu mno ambayo sikio halisikii. Lakini faksi huchanganyikiwa nayo, na karatasi hutoka na mistari ya ovyo au hukatika katikati. Dawa yake ni kichujio. Chomeka kichujio ukutani, kisha faksi katika kichujio. Kila simu na kila faksi iliyo juu ya waya huo iwe na kichujio chake. Kifaa cha intaneti hakitaki kichujio hicho. Ukikipitisha humo, intaneti itakatika.

Njia ya sita: simu inayopitia kisanduku cha intaneti

Nchi nyingine sasa zinaondoa simu za waya wa shaba. Katika Uingereza, kwa mfano, imepangwa mitambo ya zamani ifungwe mwishoni mwa Januari 2027. Badala yake simu hupitia kisanduku cha intaneti kilichomo nyumbani. Hapo waya wa faksi unaotoka tundu la LINE huchomekwa katika tundu la simu la kile kisanduku, si ukutani.

Njia hii ina taabu yake. Kisanduku huikata sauti vipande vidogo vidogo na kuvipeleka kimoja kimoja. Watu wakizungumza, kipande kimoja kikipotea hakuna anayejali. Sikio na akili huziba pengo. Lakini faksi haina akili ya kuziba pengo. Kipande kikipotea, nukta zimepotea. Kwa hiyo punguza mwendo wa mashine. Kama inakwenda kwa mwendo wa 14,400, iweke 9,600 au chini yake. Uliza pia kama kampuni yako ina kanuni iitwayo T.38, iliyotungwa mwaka 1998 kwa ajili ya faksi za namna hii.

Na hapa lipo jambo kubwa kuliko faksi. Waya wa zamani wa shaba huleta umeme wake kutoka kituo cha simu, wapata volti 48. Taa zikizimika, simu ya kawaida ya mezani ingali inafanya kazi. Lakini kisanduku cha intaneti umeme ukikatika nacho hulala, isipokuwa kimewekewa betri. Mwenye mgonjwa nyumbani, au mwenye kulinda ghala, asisahau jambo hili. Awe na njia nyingine ya kuita msaada.

Pengine mtauliza, “Je, simu ya mkononi?” Simu ya mkononi hufupisha sauti kwa namna inayofaa sauti ya mwanadamu. Milio ya faksi hutoka imeharibika. Kuweka simu ya mkononi karibu na faksi hakufai kitu.

Mambo ya kuangalia daima

Kwanza, radi. Katika pande zenye radi nyingi, kama kandokando ya Ziwa Viktoria, usifanye kazi ya kuchomeka waya wakati wa ngurumo. Mawingu yakikusanyika, chomoa waya wa simu na waya wa umeme, yote miwili. Kuchomoa mmoja hakutoshi, maana radi yaweza kuingia kwa mwingine. Ikiwa radi imekwisha kuanza karibu nawe, usiziguse kabisa.

Pili, umeme wa kengele. Simu inapolia, umeme wake huongezeka sana, wapata volti 90. Hautaua mtu mzima kwa kawaida, lakini utamshtua. Usishike ncha za waya zilizo wazi.

Tatu, ule mlio unaokujulisha kwamba mtu mwingine anakupigia wakati unazungumza. Ukilia katikati ya faksi, waweza kuikata. Iambie kampuni ya simu ikuondolee huduma hiyo katika waya wa faksi.

Nne, jaribu. Inua mkono wa simu: je, unasikia mlio mrefu? Kama hausikiki, yaelekea tatizo liko kwenye waya au soketi. Kisha peleka karatasi moja kwa mtu unayemjua, umpigie simu umwulize, “Imefika? Yasomeka?” Karatasi ya taarifa ikisema OK, maana yake ni kwamba mashine imepokea. Haisemi kwamba mtu amesoma. Kwa barua yenye fedha ndani yake, uliza mtu.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Chama kile kingefanya nini? Kingeweza kuacha mashine ichague yenyewe. Au kingeweza kufanya jambo lisilogharimu hata senti moja: kuandika juu ya kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, na kukibandika kando ya simu: UKISIKIA PII, BONYEZA KITUFE CHA KIJANI, KISHA WEKA SIMU CHINI. Naye mzee, aliyejifunza kusoma katika darasa kama hili, angeisoma, angebonyeza, na karani angerudi kutoka benki akute bei ya kahawa mezani.

Maswali

1. Waya utokao ukutani huchomekwa katika tundu gani?
2. Pii, kimya, pii, maana yake nini?
3. Kwa nini ubonyeze kitufe kabla ya kuweka chini mkono wa simu?
4. Mambo gani matatu utayauliza kabla ya kuunga faksi katika ofisi yenye swichibodi?
5. Kazi ya nyumbani: andika tangazo fupi, lisilozidi maneno kumi na tano, la kubandika kando ya mashine yoyote iliyo ofisini kwenu au nyumbani. Mpe mtu ambaye hajawahi kuitumia mashine hiyo. Akiweza kuitumia kwa kusoma maneno yako tu, umefaulu.

Basi, wanafunzi, hapa tunafika mwisho wa somo la leo. Yule aliyeelewa amweleze jirani yake ambaye hakuelewa. Kwaherini mpaka somo lijalo.